Mafuriko ya Dar: tuseme "kazi ya Mungu" mpaka lini?

Kigogo Asilia (mwanzisha mada): Kila masika yakikaribia usingizi unanipaa. Desemba 2011, wiki mbili tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mto Msimbazi ulifurika na watu zaidi ya 40 wakafa Dar. Jirani yangu jioni alikuja kuazima jiko la mkaa, akasema asubuhi atalirudisha. Asubuhi nikamkuta amelazwa juu ya kanga, tope limemjaa masikioni. Jiko lilikutwa limenasa kwenye mwembe. Msibani tukaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Mimi naswali, nafunga. Lakini nauliza: uhai ni mwepesi kiasi hicho, au sisi ndio tunaufanya mwepesi? Mto huu unajulikana, unatoka Pugu unamwaga baharini pale daraja la Selander. Kwa nini kila mara utushtukize?

Mpima Ardhi: Pole kwa jirani. Lakini ukweli usemwe. Mpango wa jiji wa 1979 ulishayatenga mabonde kuwa maeneo ya hatari. Mungu hakumtuma mtu kujenga mtoni. Na baada ya 2011 waliokumbwa na mafuriko walipewa viwanja Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji, watu wakauza, wakarudi bondeni.

Binti Mabwepande: "Wakauza." Wewe kaka ulifika Mabwepande mwanzoni mwa 2012? Yalikuwa mahema na pori. Mama yangu alikuwa anauza chapati Kariakoo. Saa tisa usiku yuko macho anakanda unga, saa kumi barabarani na beseni kichwani. Nauli ikawa inakula faida yote, akaanza kulala kwa shoga yake Magomeni, tukawa tunamwona Jumapili. Kiwanja hatukuuza. Tuna vyumba viwili na mkorosho unaozaa. Sema "baadhi", usituweke wote kapu moja.

Mpima Ardhi: Haya, baadhi. Ila baadhi hao ni wengi.

Binti Mabwepande: Uliwahesabu?

Mpima Ardhi: Nimefanya kazi ukanda huo, dada. Najua ninachosema.

Binti Mabwepande: Umepima ardhi, watu hukuwapima. Aliyeuza alikuwa na mtoto wa kulisha.

Mpangaji Daima: Mnagombea viwanja, wengine hata majina hatukuandikwa. Nililala darasani siku tisa na watoto wawili. Orodha ilipokuja nikaambiwa anayetambuliwa ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa anakaa Tabata, maji hata kisigino hayakumgusa! Godoro lililokwenda na maji langu, vyeti vilivyokwenda na maji vyangu, kiwanja akapata yeye. Madaftari ya mwanangu niliyaanika juu ya bati, wino wote umechuruzika, akakaa anayafunua moja moja akitafuta ukurasa unaosomeka. Miaka imepita, bado linanichoma.

Mpima Ardhi: Hilo la wapangaji kweli halikuwa haki.

Mzee wa Jangwani: Wanangu, poleni. Hilo la 1979 silibishi. Ila kama palikuwa pa hatari, nani alituvutia umeme? Kodi ya majengo tulilipa, wengine wakapewa leseni za makazi zenye muhuri. Halafu mwishoni mwa 2015 wakaja na rangi, X nyekundu ukutani, tingatinga nyuma yao. Mke wangu alisugua ile X kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka. Na baada ya hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa papo hapo Jangwani, ikazama mara ngapi? Walioijenga walisoma. Msituambie sisi tu ndio hatusikii.

Mpima Ardhi: Shikamoo mzee. Karakana ilikuwa kosa, sina la kutetea. Lakini sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wamelipwa fidia wahame.

Mpangaji Daima: Na wapangaji?

Binti Mabwepande: Mpima Ardhi, kuomba radhi kwa "wakauza" bado sijakuona.

Kigogo Asilia: Jamani, mimi nilizungumzia jirani yangu.

Mbuyuni Kwetu: Nami nakujibu wewe, mwenye mada. Mwaka ule mtaani kwetu shehe alituzikia watu wawili. Akaomba dua, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: nani kati yenu ana kamba nyumbani? Hakuna aliyenyoosha mkono. Wiki hiyo tukachanga, tukanunua kamba za katani Kariakoo, kila nyumba ikaning'iniza ya kwake mlangoni. Mvua za 2018 tulimtoa bibi mmoja dirishani kwa kamba ile, akiwa ameshika kuku wake.

Mpima Ardhi: Kamba si suluhisho. Hameni.

Mbuyuni Kwetu: Tutahama, ndugu yangu. Usiku wa leo mawingu yako Pugu, na kamba iko mlangoni.