Mjadala: Je, uthibitishaji wa hatua mbili uwe lazima kwa wasimamizi wa mifumo ya ofisi zetu?

Mtoa hoja, Mtwara mjini:
Ndugu zangu wa Kusini, naomba tulijadili jambo hili kabla msimu wa korosho haujapamba moto. Mwaka jana niliitwa na ofisi moja hapa mjini kurekebisha mtandao, nikakuta nenosiri la msimamizi limeandikwa kwa peni kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa mgongoni mwa ruta, na makarani watatu wakilitumia kwa zamu. Akaunti ya msimamizi ndiyo inayofungua akaunti za wengine, kubadili takwimu na kufuta kumbukumbu. Kwa hiyo nashauri isifunguke kwa nenosiri peke yake, bali anayeingia athibitishwe tena kwa kitu alichonacho mkononi. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta baada ya wahalifu kuingia kwenye mtandao wake kwa nenosiri lililovuja, kupitia akaunti ya kuingilia kutoka mbali ambayo haikuwa na hatua ya pili.

Mchangiaji, Liwale:
Kaka, hoja hiyo inamfaa mtu wa mjini. Huku kwetu simu tunaiweka juu ya dirisha la stoo ili ishike mtandao, na meseji yenye namba za kuthibitisha hufika muda wake ukiwa umeshapita. Mei 2024 mmeshasahau? Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Msimamizi akifungiwa nje siku ya malipo, mkulima hatataka kusikia habari za wadukuzi.

Mtoa hoja:
Unachokipinga ni meseji, nami siitetei. Mwaka 2018 Reddit, tovuti ya majadiliano ya Marekani, iliingiliwa kupitia akaunti za wafanyakazi wake, ingawa zilikuwa na hatua ya pili ya meseji, kwa sababu meseji hizo zilinaswa. Ninachokisema ni programu ya kuthibitisha iliyomo ndani ya simu. Siku ya kuisajili, simu na mfumo hupeana siri moja. Baada ya hapo kila upande huichanganya siri hiyo na saa, na kwa kawaida kila sekunde 30 hupatikana namba mpya ya tarakimu sita. Simu haihitaji bando wala mnara, ila saa yake iwe sahihi.

Mchangiaji, Lindi:
Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na hofu yangu ni simu kuibiwa au mtumishi kuhamishwa nayo. Namba za dharura, za kuingilia kwenye mfumo simu isipokuwepo, zichapishwe na kufungiwa kasikini katika bahasha iliyotiwa lakiri, na wasimamizi wawe wawili, kila mmoja na akaunti yake. Mkiacha makarani watatu wagawane akaunti moja, watagawana na simu pia, na plasta itakuwa imehama tu.

Mchangiaji, Liwale:
Hapo kwenye saa nimekuelewa, kaka, na meseji naiondoa katika pingamizi langu. Limebaki moja ambalo hakuna aliyeligusa: simu hiyo ni yangu, nimeinunua kwa fedha zangu, na mwanangu anaichezea jioni. Ofisi inayotaka kuifanya ufunguo wake iko tayari kuninunulia nyingine?