Corolla 110: usukani unagonga mbele kushoto

Mkweche110: Wakuu, nikipita kwenye matuta, mbele kushoto panagonga ko-ko, na usukani unacheza kabla tairi hazijafuata. Tairodi endi (viungo vya mwisho vya fito zinazosukuma tairi) zote mbili ni mpya. Fundi anasema ninunue raki nzima, ule mtambo wa chini unaogeuza tairi. Hela hiyo sina. Nina jeki na spana.

Mzee wa Gereji: Mwanangu, usinunue kitu bado. Gari likiwa limesimama kwa tairi zake, injini imezimwa, mtu atikise usukani kidogo, wewe shika raki pale inapofungwa. Ikisogea yenyewe, ni bushi za raki (raba zinazoishikilia), bei yake si kitu. Kisha binya ule mpira wa mikunjo mwishoni mwa raki huku usukani ukitikiswa: ukisikia kugonga ndani, tairodi ya ndani (kiungo kinachoshika fito kwenye raki) imeisha. Mpira ukiwa na mafuta ndani, hapo sili (raba za kuzuia mafuta ya raki) zimekufa na fundi wako ana hoja.

Spana14: Ukinyanyua gari, weka stendi, usilale chini ya gari lililo kwenye jeki tu. Tairi likicheza juu na chini, angalia boljointi (kiungo cha duara kinachoshika tairi) na beringi.

Mkweche110: Shikamoo mzee. Raki inaruka kama mbuzi! Bushi naagiza kesho.

Mzee wa Gereji: Marahaba. Ukimaliza kapime alaimenti (mnyooko wa tairi), hizo tairodi endi mpya zimeshaivuruga.