Mafundi wa Subaru za tabo, acheni kuuza pampu ya 255 kama dawa ya kila ugonjwa

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sina mpango wa kuupamba. Subaru yenye EJ20 (injini ya lita 2) ya tabo ikikata nguvu kwenye busti, yaani tabo inaposukuma hewa kwa presha, jibu la gereji ni lile lile: "Pampu imechoka, weka Walbro 255." Yaani pampu ya mafuta ya kampuni ya Walbro, inayotajwa kutoa lita 255 kwa saa. Mteja analipia pampu, analipia ufundi, gari inawashwa, inanguruma, anapewa ufunguo. Hakuna aliyefunga geji ya presha. Hakuna aliyepima volti kwenye soketi ya pampu. Pistoni ikipasuka, hasa ya silinda namba 4 ambayo kwenye EJ ndiyo hutangulia, lawama zinaangukia petroli ya kituo cha mafuta.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokimbiwa. Injini ya petroli yenye tabo ikikanyagwa mpaka mwisho inakula takriban lita 0.37 kwa saa kwa kila nguvu-farasi. Farasi 300 ni lita 111 kwa saa. Sasa geukia nozeli. Nne za sisi (cc) 550 kwa dakika zinatoa jumla ya lita 132 kwa saa zikibaki wazi muda wote, na mtu mwenye akili haziruhusu zipite asilimia 85. Unabaki na lita 112. Maana yake nozeli hizo zinagota farasi 300 na kidogo hata ukifunga pampu ya kisima. Pampu kazi yake ni kujaza reli (bomba linalogawia nozeli mafuta), kinachozidi kinarudi tenki. Anayekuambia 255 "inaongeza nguvu" anakuuzia kelele.

Hiyo 255 yenyewe ni namba ya kwenye meza ya majaribio: volti 13.5 na presha ya kama ba (bar) 2.8. Ndani ya gari mambo ni mengine. Regyuleta, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, inapandisha presha ya mafuta sawasawa na busti, kwa hiyo ukianza na ba 3 na tabo ikasukuma 1.2, reli inataka 4.2. Presha ikipanda, pampu inatoa kidogo zaidi na inavuta ampea nyingi zaidi. Yaani wakati injini ina njaa kali kuliko wakati wote ndipo pampu inapozidiwa. Ongeza hapo waya mbovu, umemaliza.

Na waya ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Pampu kubwa kwenye ba 4 inavuta kama ampea 10 hadi 12. Waya wa milimita 1 ya mraba, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.18. Zidisha kwa ampea 12: volti mbili zimepotelea njiani! Alteneta inatoa 13.8, pampu inapata 11 na ushee. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba, upotevu unashuka hadi nusu volti hivi, na ukifunga hasi ya pampu hapo hapo kwenye bodi unapungua tena. Kuna gari zimebadilishiwa pampu mara tatu wakati dawa ilikuwa rilei moja na mita chache za waya, na pampu ya kiwandani ingetosha kabisa.

Jinsi ya kuifanya vizuri: vuta waya wa milimita 4 kutoka chanya ya betri, fyuzi ya ampea 20 iwe sentimita chache tu kutoka kwenye betri, siyo kule nyuma. Rilei ya ampea 40 ikae karibu na tenki. Pini 30 ipokee umeme wa betri, 87 iende pampu, 85 hasi, 86 ipokee amri. Kwangua rangi ya bodi mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga hasi. Ile amri ya pini 86 ndipo wengi wanapoharibu. Subaru nyingi za GD (Impreza) na SG (Forester) zina kontroli ndogo ya pampu inayokatakata umeme: theluthi moja, theluthi mbili, au wote. Ukichukua amri kwenye waya uliokatwakatwa, rilei itatetema mpaka ife. Na ukiichukua kwenye swichi ya funguo tupu, pampu haizimi injini ikizimika. Gari ikigonga na mpira wa mafuta ukakatika, inaendelea kumwaga petroli kwenye ekzosi ya moto. Amri itoke kwenye waya unaotii kontroli boksi ya injini, usiokatwakatwa na ile kontroli ndogo ya pampu.

Ukishairuka ile kontroli, pampu inakimbia kasi yote hata gari ikiwa imesimama foleni. Regyuleta ya kiwandani na bomba la kurudisha huenda visihimili. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta injini ikiwa inaunguruma taratibu na usome geji: iwe ba 3. Ikisoma 3.4 au 3.5, mafuta hayana njia ya kutosha ya kurudi. Ndiyo maana plagi zinakuwa nyeusi na gari inanuka petroli, halafu fundi anakuuzia oksijeni sensa.

Ndani ya tenki ndiko aibu yenyewe iliko. Kipande cha mpira kinachounganisha pampu na bomba kinakatwa kwenye mpira wa mita wa dukani, ule wa kupita nje. Ule haukutengenezwa kulowa petroli upande wa nje. Unavimba, unalainika, unapasuka, na kwa sababu uko ndani ya tenki huoni tone wala husikii harufu. Injini ikitulia presha iko sawa, ukikanyaga inaanguka. Dai mpira wenye maandishi SAE 30R10 na klampu za injekshini zinazobana duara zima. Pini za soketi kwenye kifuniko cha tenki nazo zikaguliwe, zikiwa zimebadilika rangi zimeshaungua.

Bandia zimejaa, iwe Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, na boksi halithibitishi chochote. Pima. Injini imezimwa, uko nje penye hewa, kizima moto mkononi. Washa pampu kwa waya wa muda, weka chaja mpaka soketi ya pampu isome 13.5, sukuma hewa kwa pampu ya mkono kwenye mdomo wa vakyumu wa regyuleta hadi geji ifike ba 4, kinga mafuta yanayorudi kwa sekunde 30. 255 halisi inakaribia lita 1.8. Chini ya 1.5, irudishe ulikoinunua.

Halafu barabarani, gia ya tatu, presha ya mafuta, ukipunguza kiasi cha busti kwenye namba ya geji, ibaki ile ile ba 3. Ikishuka kwa 0.2 achia mguu. Uwiano wa hewa na mafuta uwe 11 hadi 11.5 ukipimwa kwa sensa ya wigo mpana, siyo kwa kunusa ekzosi.

Nyongeza, maana naona mnauliza. Vile vifaa vya kupandisha volti hadi 16 au 17 wakati wa busti vinafanya kazi kweli, pampu inazunguka kwa kasi zaidi, lakini inachemka na brashi zinalika haraka. Kama waya bado ni ule mwembamba, unaziba tobo kwa karatasi. Anayeuliza kwa nini gari inamisi kwenye kona tenki likiwa chini ya robo: tenki la Subaru lina mabonde mawili, na mafuta ya upande wa pili yanavutwa na nguvu ya mafuta yanayorudi. Kale kapampu ka mvuto kakiziba, au mpira wake ukiachwa haujachomekwa baada ya kubadilisha pampu, nusu ya petroli inabaki upande wa pili. Fungua uangalie kabla hujanunua pampu ya nne.