Roketi yapanda dakika 5 tu kuchungulia eksirei za nyota, yapata nini?

mwana_kisauni:
Wadau hamjambo. Jana stima ilipotea huku kwetu nikawa nasoma kwa simu kuhusu zile roketi ndogo za utafiti, zapanda zashuka bila kuzunguka dunia, kumbe zingine hubeba chombo cha kuchambua eksirei za angani kwa kitu chaitwa gretingi. Mi eksirei naijua ya hospitali ukivunjika mkono. Sasa mbona wasichunguze na darubini hapahapa chini? Na gretingi ni nini hasa? Lakini lanisumbua zaidi hili, dakika 5 zatosha nini na satelaiti ziko juu miaka yote?

ticha_wa_tudor:
Swali zuri sana kijana. Shida ni hewa, eksirei za angani hazifiki chini, zamezwa hukohuko juu (na ndo salama yetu), kwa hivo lazima upande kilomita 100 na zaidi. Na hizo dakika usizidharau, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ya Aerobee Juni 1962 kule White Sands Marekani, wakakiona Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kupatikana nje ya jua letu na sayari zake, kwa dakika hizohizo chache, 2002 akapewa Nobeli.

Gretingi sasa. Chukua CD ya zamani uielekeze juani, zile rangi waziona zatokana na vijistari vyembamba vilivyobanana, kila rangi yarushwa upande wake. Ya eksirei ni vivyo hivyo ila vijistari vimebanana zaidi ya vya CD, tena eksirei ukizipiga moja kwa moja kwa kioo zaingia zapotea, lazima zipite kwa kulalia kabisa, kama watoto wakirusha kigae baharini, ukikirusha chini chini chadunda dunda, ukikitupa wima chazama. Zikishatawanywa waona oksijeni iko hapa, kaboni iko pale, na gesi ina joto gani. Wanafunzi wangu hapa ndo huamka.

dada_likoni:
Niongezee hapo kwa satelaiti. Chandra na XMM-Newton zote zilirushwa 1999 na zina gretingi nzuri mno, ila zapenda kitu kidogo kama nukta. Mabaki ya nyota iliyolipuka kama Vela yametanda karibu digrii 8, na mwezi mzima ni nusu digrii tu, basi mwanga waja kutoka kila pembe mistari yavurugana. Ndo chuo kikuu cha Penn State kule Marekani wakatengeneza chombo chaitwa WRXR, mbele yake kuna kitu cha kubana mwanga uingie kwa njia nyembamba tu, wakairusha Aprili 2018 kutoka Kwajalein, kisiwa cha bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, kwa roketi ya Black Brant IX, maana Vela iko kusini. Chombo kikashuka na parachuti kikavuliwa baharini. Hiyo ndo raha ya roketi ndogo, chombo warudishiwa mkononi, warekebisha, na mitambo mipya yajaribiwa kabla haijapanda satelaiti ya pesa nyingi.

mvuvi_malindi:
Na huku kwetu jamani msisahau! Satelaiti ya kwanza kabisa ya kazi ya eksirei peke yake ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka lile jukwaa la San Marco baharini hapa Malindi, siku ya uhuru wetu, ndo ikaitwa Uhuru. Naumia sana nikikutana na kijana wa Pwani hajui hili.

ticha_wa_tudor:
Kweli kabisa mzee wangu. Ila Uhuru haikuwa na gretingi, ilikuwa yahesabu eksirei na kuonyesha zatoka wapi, ikachora ramani ya vyanzo zaidi ya 300. Kuzichambua rangi kulikuja baadaye.

mwana_kisauni:
Nimeshika CD juani asubuhi hii, nimeelewa, na wadogo zangu wameninyang'anya. Hiyo Vela yaonekana kutoka Mombasa?

dada_likoni:
Nyota zake ndio, Machi na Aprili usiku ukiingia tazama kusini, itafute Canopus ile nyota kali, kundi la nyota la Vela liko kushoto kwake. Mabaki yenyewe hutayaona kwa macho.