Naomba ushauri: vipimo vya sumukuvu vinapishana kwenye lori moja la mahindi

Habari za kazi wakuu. Tunafanya utafiti wa sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu) kwenye mahindi yanayovuka Namanga kwenda Kenya, baada ya Kenya kuzuia mahindi ya nje Machi 2021 na masharti yaliyofuata. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo (aina yake ya B1 peke yake 5), unyevu asilimia 13.5.

Kinachotukwamisha ni sampuli. Bambo (chuma cha kuchotea nafaka guniani) likichomwa gunia la nyuma, kipimo kinasoma chini ya 5. La ubavuni, zaidi ya 20. Ukungu huota kwa mafungu, punje chache zinabeba sehemu kubwa ya sumu. Tumejaribu kuchota kila gunia linalofikika, kuchanganya hadi kilo 5 na kusaga zote kabla ya kugawa. Tofauti imepungua, haijaisha. Na magunia ya katikati hayafikiki; dereva hashushi mzigo kwa ajili ya mtafiti!

Naomba kujua: sampuli zichukuliwe wakati wa kupakia sokoni, au kinuni wakati wa kushusha? Pili, shehena zinazosoma 8 hadi 12, kwenye uchambuzi wa bei mnaziweka kundi gani, au mnatumia kipimo chenyewe bila kuzigawa makundi?