Naomba ushauri wa haraka: sabufa gani itaenda na spika za ubao wazi?

Koni_Nane, Jumatano, saa tatu usiku

Wadau, hamjambo. Nina spika nilizotengenezewa na fundi, zile za ubao wazi: ubao mtupu wa milimita 18, tundu moja, koni ya inchi 8, na nyuma hakuna sanduku. Mwimbaji akianza ni kama amesimama hapo kati ya dirisha na friji. Gita la rumba unalisikia mpaka ukucha ukikwaruza waya. Lakini besi hakuna. Besi ikishuka chini inapotea kama simu iliyoisha chaji katikati ya maneno.

Sasa nataka kuongeza sabufa. Swali langu ni dogo: inchi 12 au inchi 15? Sanduku lenye tundu la kupumulia au lililofungwa? Naomba mnijibu kabla ya Jumamosi. Jambo hili limenikosesha usingizi.

Taa_za_Disko

Nenda Luthuli uchukue wufa yenye redio, Bluetooth na taa. Utabaki na chenji ya nyama.

Fundi_Kariobangi

Ndugu, kabla ya inchi tuelewane kwanza besi imeenda wapi. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Kwenye spika ya kawaida sanduku linaifungia ile ya nyuma ndani. Yako haina wa kuizuia, kwa hivyo inazunguka ukingo wa ubao, inakutana na ya mbele, na zote mbili zinauana. Sauti za juu zinaponea kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Lakini wimbi la besi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita nane na nusu. Ubao wako una upana gani, sentimita 45? Mbele ya wimbi hilo ni kama umemsimamisha mtu mmoja Thika Road azuie magari. Na ukishaanza kupoteza, kila oktavu unayoshuka, yaani kila hezi zikipungua nusu, inakula kama desibeli 6 za sauti.

Kwa hivyo spika si mbovu, ndivyo zilivyo. Sasa nijibu mawili: chumba kina ukubwa gani, na spika ziko umbali gani kutoka ukutani?

Koni_Nane

Asante fundi. Upana ni 46, hujakosea sana. Chumba ni cha kawaida tu. Sasa, 12 au 15?

Mama_Pacha

Mimi ya hezi siyajui, lakini huku Umoja naishi chini ya mtu kama wewe. Ikifika saa nne usiku anawasha, na kifuniko cha sufuria yangu kinaanza safari kwenye rafu, pole pole, kikielekea ukingoni. Mimi nimelala gizani nasema sasa kinaanguka, sasa, sasa. Kikianguka napata usingizi. NEMA, wale wa mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2009, na usiku kwenye makazi ya watu kiwango ni desibeli 35. Nani amewahi kuja kupima? Kijana, uko ghorofa ya ngapi?

Koni_Nane

Ya tatu. Lakini mimi sipigi kwa nguvu, mama.

Mama_Pacha

Hata wa kwangu husema hivyo.

Mzee_wa_Sahani

Mwaka wa 1983 nilikuwa na redio ya sahani za santuri, kubwa kama kabati, pale Jericho. Sabufa hatukuijua. Tukitaka besi tuliisukuma mpaka kwenye kona, na ile kona inaongeza bure bila shilingi. Wageni wakija tunairudisha katikati ionekane. Nilimpata mama watoto kwa ile redio, hadithi ndefu, alikuja kulalamika. Nyinyi vijana mmetoa sanduku, halafu mnazunguka mji mzima mkitafuta sanduku.

Fundi_Kariobangi

Nimeuliza mawili nikajibiwa "kawaida". Kawaida ni mita ngapi?

Koni_Nane

Mita 3.2 kwa 3.6. Spika ziko karibu na ukuta.

Fundi_Kariobangi

Karibu kiasi gani?

Koni_Nane

Shubiri moja.

Mjuaji_wa_Mawimbi

Shubiri! Jamani. Siegfried Linkwitz, yule mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard, ndiye wa kwanza katika jina la kichujio cha kugawa sauti cha Linkwitz-Riley cha 1976, na mpaka alipofariki 2018 alikuwa akishughulika na spika za aina hii hii. Alisisitiza ziachiwe mita moja au zaidi nyuma. Sababu ni kwamba sauti ya nyuma ikienda mita moja ukutani na kurudi mita moja, inakufikia karibu milisekunde 6 baada ya ile ya mbele, na sikio linazitenganisha. Kwa shubiri zinakuja zimeshikana mashati. Hapo unasikiliza ukuta. Zisogeze kwanza, ndipo uongee habari ya sabufa.

Koni_Nane

Haziwezi kusogezwa. Niaminini tu. Nimeuliza sabufa, sijauliza ukuta.

Makanga_Mstaafu

Mimi nilikuwa kwa gari la Rongai lenye inchi 15 mbili chini ya kiti cha nyuma. Abiria mmoja alituambia yeye alishuka Bomas, moyo wake ukaendelea na sisi mpaka Rongai. Chukua 15 kaka, hutajuta.

Koni_Nane

Asante Makanga, wewe ndiye umenielewa. Basi niseme ukweli. Kuna matatu inatolewa muziki, na jamaa anauza inchi 15 moja, sanduku la tundu, pamoja na amplifaya yake. Elfu 22. Nimeshatuma arabuni elfu 10 kwa M-Pesa, na Jumamosi namalizia. Kabla hamjanirukia: koni kubwa haitumii nguvu, kwa hivyo nitaipiga chini chini na itatoka safi. Mbao pia ni nzito, nimeigonga kwa kidole. Na bei hiyo hamtaipata tena.

Fundi_Kariobangi

Ulikuja kutafuta mashahidi wa harusi, si ushauri. Lakini nitasema.

Chumba cha mita 3.6 kinavuma chenyewe kwenye hezi 47 hivi. Ukuta ule mwingine, wa 3.2, unavuma kwenye 53. Nundu mbili zimekaa karibu karibu, kwa hivyo noti yoyote ya hapo itafura na kukaa hewani kama harufu ya omena. Sanduku la matatu halikuundwa likupe noti zote sawa. Liliundwa limfikie mtu aliye stejini kabla gari halijaonekana, na mara nyingi linapigia hapo hapo kwenye hamsini. Utakuwa na noti moja kubwa na nyingine zote zitakuwa watumwa wake.

Pili, sauti ya sanduku la tundu ikipita chini ya hezi lilizopangiwa huanguka desibeli 24 kwa oktavu. Lililofungwa huanguka 12, taratibu, na chumba kidogo kinalisaidia huko chini. Ndiyo maana linapatana na spika kama zako. Wengine watakwambia besi ya sanduku ni "nzito", inachelewa, na ya ubao ni "nyepesi". Mara nyingi kinachochelewa ni chumba kinachoendelea kuvuma baada ya ngoma kunyamaza.

Tatu, hiyo amplifaya inataka volti 12, na ikipigwa kweli kweli inameza makumi ya ampea. Utazitoa wapi, kwa betri chini ya meza ya chai?

Ningekuwa wewe ningetafuta inchi 10 iliyofungwa, yenye amplifaya yake ndani. Ikate kwenye hezi 90 au 100, ipige za chini ya hapo tu. Na hizi koni zako za inchi 8 zipumzishe na kazi ya chini: kama ni omu 8, kapasita ya maikrofaradi 200 isiyo na chanya na hasi, moja kwa kila spika, inaanza kuzuia karibu na hezi 100. Ubao wazi hauna hewa iliyofungiwa nyuma ya kuishika koni, kwa hivyo besi ikiingia inapiga mbawa kama kuku.

Koni_Nane

Nimekuelewa fundi, lakini elfu 10 imeshaenda. Na pa kuweka sabufa ni mahali pamoja tu, chini ya sofa, upande wa kichwa.

Mama_Pacha

Kichwa cha nani?

Koni_Nane

Cha sofa.

Mama_Pacha

Sofa lina mikono na miguu. Kichwa ni cha mtu. Nani analala hapo?

Koni_Nane

Mama yangu. Yuko na sisi tangu Januari, anahudhuria kliniki. Usiku sofa linafunguliwa kuwa kitanda na linafika karibu kabisa na mbao, ndiyo sababu ya shubiri. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtaacha sabufa mnihukumu.

Mjuaji_wa_Mawimbi

Umejua vizuri.

Mama_Pacha

Mzazi mgonjwa, na wewe unamletea matatu chini ya mto?

Makanga_Mstaafu

Naondoa kura yangu ya 15.

Koni_Nane

Mchana ndiye anayesikiliza kuliko sisi sote! Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Spika zako zinaimba vizuri lakini hazina tumbo." Nami nikaanza kutafuta tumbo.

Sidanganyiki

Ngojeni kidogo. Nimesoma uzi huu kutoka juu. Mama anayelala sebuleni ndiye anaomba besi? Bei imetajwa, inchi zimetajwa, hata "mbao ni nzito" imetajwa. Kesho atatokea mtu aseme naye anayo kama hiyo, na nambari ya simu. Hili ni tangazo. Tena nimechora kwenye karatasi: mita 3.2 kwa 3.6, sofa la kitanda, friji, mbao mbili za sentimita 46. Haviingii. Hakuna mama, hakuna matatu.

Makanga_Mstaafu

Chumba kama hicho tulilala watu sita na jiko la mkaa nje ya mlango. Wewe ulikulia wapi?

Taa_za_Disko

Nilisema Luthuli tangu mwanzo. Hamkunisikia.

Koni_Nane

Sidanganyiki, friji liko mlangoni mwa jikoni, nusu ndani nusu nje, na tangu lije mlango huo haujafungwa. Ubao wa kushoto yule fundi aliyezitengeneza aliandika nyuma kwa penseli "46 x 110 JUU", na mshale wake unaangalia chini. Msaidizi akafuata mshale. Tundu la kushoto likawa chini ya la kulia kwa vidole viwili, na ukikaa katikati mwimbaji ameinama kidogo. Usiku mama anaufunika ubao ulio karibu naye kwa leso. Anasema hawezi kulala akitazamwa na jicho lisilo na kope. Asubuhi anaikunja, anaiweka juu ya friji. Hayo ningeyatunga ili niuze nini?

Sidanganyiki

Leso imeandikwa nini?

Koni_Nane

"Usisafirie nyota ya mwenzio."

Mama_Pacha

Hiyo hata mimi ninayo, ya zambarau. Na usijidanganye, kijana, mwanamke hachagui leso hivi hivi. Anakusema wewe na hilo sanduku la watu.

Sidanganyiki

Kila duka la leso Biashara Street lina hiyo. Si ushahidi.

Mzee_wa_Sahani

Ya mama watoto, siku ile alipokuja kulalamika, niliisoma baadaye sana. Siwaambii ilisema nini.

Fundi_Kariobangi

Tuache leso. Koni_Nane, nina inchi 10 iliyofungwa inakaa bure hapa kazini. Njoo Ijumaa uichukue, ukae nayo wiki moja. Ukifika nyumbani iweke pale pale unapokaa ukisikiliza, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe utambae chumbani kwa magoti. Mahali utakaposikia noti zote zimelingana, hapo ndipo pa kuiweka. Na hizo mbao zipigilie magurudumu ya kiti cha ofisi. Sofa likikunjwa mchana unazivuta mbele, usiku unazirudisha.

Koni_Nane, Jumapili, saa kumi jioni

Nimerudi. Sabufa ilikuja kwa boda, mimi nimeikumbatia kama mtoto. Nimeiweka juu ya sofa pale pale mama anapokaa, yeye akasimama amefunga mikono ananiangalia nikitambaa. Kwenye kona ilikuwa inanguruma noti moja, kama fundi alivyosema. Kati ya friji na mkono wa sofa ikatulia, nikaihamishia hapo. Nikapiga toni ya hezi 80, ikatoka nyembamba. Nikageuza waya za sabufa, chanya kwa hasi, ikajaa. Mbao nimezivuta mbele sentimita 60, na magurudumu yanalia lakini yanatembea.

Mama alisikiliza wimbo mzima kisha akauliza, "Kwani hilo dogo umeliwasha?" Sikujibu. Wimbo wa pili ukiwa katikati nikalizima kwa siri. Akainua kichwa. "Umetoa nini?"

Saa mbili usiku linazimwa na waya inatolewa ukutani, hilo tumekubaliana. Ile elfu 10 bado. Jamaa anasema arabuni hairudi, nichukue sanduku au nisahau. Baada ya hapo simu hashiki.

Mama_Pacha

Saa mbili. Hongera. Njoo uongee na wa kwangu.

Sidanganyiki

Hilo sanduku la inchi 15 ni sentimita ngapi kwa ngapi? Nauliza tu.