Naomba ushauri: mteja amekataa kunilipa salio

Wapendwa, ninafanya kazi ya kujitegemea ya kutangaza biashara mtandaoni hapa Nairobi. Mteja mmoja, muuzaji wa fanicha katika Barabara ya Ngong, alinilipa nusu kwa M-Pesa, lakini sasa anakataa kutoa salio la shilingi 38,000 akidai kwamba hakupata wanunuzi, ilhali tulikubaliana juu ya matangazo, wala si mauzo. Makubaliano yamo katika jumbe za WhatsApp tu, na ule wa mwisho, "Kazi nzuri, nitatuma Ijumaa," bado ninao. Linaloniuma zaidi ni kwamba gharama ya Facebook niliitoa mfukoni mwangu. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Je, jumbe hizo zitatosha kuwa ushahidi, au nitangulize barua ya madai?